Mashine ya Petroli, Mashine ya Umeme, na Hesabu Niliyoikosea

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, nayo si ya zamani, ni ya likizo ya mwaka jana tu, nilipokuwa kidato cha tatu. Wewe hujazaliwa, na baba yako simjui. Hata nikimjua sidhani kama nitathubutu kumtazama usoni. Lakini nasaha haiozi kama ndizi, kwa hiyo nakuwekea humu daftarini, uje uisome ukifika umri wangu.

Hapa Kibosho akina mama wa kwetu walikuwa wakiteremka na debe la mahindi kichwani mpaka mashine ya kusagia iliyoko chini kabisa, kisha wanapanda na unga. Kupanda ndiko kunakoua. Basi kikundi chao kikaanza kuweka akiba ya ndizi, mkungu kwa mkungu, soko kwa soko, miaka mitatu, ili wapate mashine yao wenyewe. Haba na haba ikajaza kibaba, ila kibaba chenyewe kilitosha mashine moja. Wakikosea kuchagua, ya pili hakuna.

Za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ya injini ya petroli, mali ya mtu wa Sanya Juu, bado inasaga. Nyingine ya mota ya umeme, kwa fundi mmoja mjini Moshi. Umeme ulikuwa umeshafika misheni, kwa hiyo waya ungevutwa mpaka kwetu. Bei zilikaribiana. Swali lilikuwa ni ipi itakula kidogo ikishanunuliwa. Mama akasema mbele ya kikundi, bila hata kuniuliza, "Mwanangu anasoma hesabu. Atatupigia."

Nikwambie ukweli, mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniita nijibu, sauti inakwama kooni. Kwa hiyo sikwenda kumuuliza mtu yeyote. Nilichukua karatasi za mashine zote mbili, nikajifungia chumbani, nikazidisha lita kwa saa na yuniti kwa saa, petroli kwa bei ya serikali, umeme pamoja na ile ada ya kila mwezi unayolipa hata usiposaga. Petroli ikashinda. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula, nikajiona msomi.

Mkutanoni mama ndiye aliyesoma, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Wakakubali. Mtu wa Sanya Juu akaambiwa aje Jumamosi kuchukua fedha.

Katikati ya wiki, mwenyekiti wao, Mama Aikande, akanichukua twende Moshi tukamwambie yule fundi kwamba mashine yake hatuichukui. Si vizuri kumwacha mtu akisubiri. Fundi mwenyewe ni Mzee Gurdip, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Moshi, mzee wa ndevu nyeupe na mikono ya grisi. Tukampa shikamoo, akaitikia. Hakukasirika. Aliomba tu daftari langu, akalisoma taratibu huku akifuata mistari kwa kidole.

"Hesabu safi," akasema. "Nani atavuta kamba?"

Nikachungulia daftari kulitafuta jina la mvutaji.

"Injini hii haiwaki kwa maombi, binti. Inavutwa kwa kamba, na kamba inataka kifua. Nani?"

"Tutatafuta vijana," Mama Aikande akajibu.

"Bure?"

Mama Aikande akacheka. "Mzee, umezeekea Uchagani na bado unauliza? Watataka mbege. Nani huku huvuta kamba bila pombe yake ya ndizi?"

Mzee Gurdip akanigeukia. "Mbege iko ukurasa gani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema kwa upole uliouma kuliko fimbo, "Umehesabu mashine, hukuhesabu watu. Na mimi nauza ile ya umeme, kwa hiyo usiniamini na mimi. Nenda ukakae siku nzima penye petroli, kisha siku nzima penye umeme. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nikaenda. Sanya Juu nilikaa juu ya gunia tangu asubuhi. Mvuta kamba alivuta mara tatu, injini ikakohoa, ya nne ikawaka, naye akapewa kata yake ya mbege. Wateja hawakuja pamoja. Kila mama huja na debe lake akishamaliza kukatia ng'ombe majani, na majani hayaishi kwa wote wakati mmoja. Akiondoka huyu, mpaka aje mwingine, injini inanguruma peke yake, inakunywa petroli bila kusaga hata punje. Nikajikaza, nikamuuliza mvuta kamba mbona haizimwi.

"Nizime, halafu uje uiwashe wewe na vidole hivyo vya kalamu?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimemuuliza mtu nisiyemjua na sikufa.

Saa sita petroli ikaisha. Mwenye mashine akabeba dumu akaondoka. Kibali cha serikali cha kununulia petroli hakuwa nacho, akarudi jioni na nusu dumu kwa bei ya mlango wa nyuma, bei ambayo haikuwemo daftarini mwangu.

Kesho yake nikaenda Majengo, Moshi, kwa mama mmoja mwenye mashine ya umeme. Mteja akifika, anabonyeza swichi. Akimaliza, anabonyeza tena, kimya. Hakuna kamba wala kata. Mchana umeme ukakatika mpaka saa kumi, watu wakatua madebe yao chini na kulalamika. Nikamuuliza yule mama kama hapo hapati hasara.

"Hasara ya muda ipo," akasema. "Lakini mashine ikilala haili. Ninayekula ni mimi, karanga zangu hizi."

Nilirudia hesabu yote. Umeme ukashinda, tena kwa mbali, hata na ada yake ya mwezi.

Sasa ikabaki kusema. Nilimwomba mama asome tena yeye. Akakataa. "Niliyekutaja ni mimi. Ukinyamaza, miaka mitatu ya wenzangu inaondoka kwa jina langu. Mficha uchi hazai."

Jumamosi nikaenda mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la migomba, nikachuma jani la isale. Huku kwetu aliyekosa hubeba isale akaombe msamaha, na akilileta hakataliwi. Niliingia nalo mkononi. Mtu wa Sanya Juu alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Wote wakalitazama jani, kisha bibi mmoja akauliza, "Umeua nani, binti?"

Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonifungua koo. Nikasema, "Nilikosea hesabu." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Nikawaeleza kamba, mbege, injini inayokula ikiwa haisagi, dumu na kibali. Sikuwaficha kwamba umeme nao hukatika.

"Kwa hiyo juzi ulitudanganya?" mmoja akauliza.

"Nilijidanganya mwenyewe, nikawaletea."

Mtu wa Sanya Juu akaguna. "Mtoto wa shule anajua nini kuhusu injini?"

"Anajua petroli yako iliisha saa sita ukarudi jioni," Mama Aikande akamjibu. "Ni uongo?"

Akajikuna kichwa. Mama Aikande akanyoosha mkono, akalipokea jani. Fedha ikaenda kwenye umeme, na leo akina mama wanasaga hapa hapa, hawapandi mlima na debe tena. Umeme ukikatika wananitania, nami siku hizi nawajibu.

Basi mwanangu, shika hili. Mwalimu wetu wa fizikia anasema ipo siku magari nayo yatakwenda kwa umeme, na watu watabishana kama tulivyobishana sisi. Ukiwa mmoja wao, usiishie kwenye bei ya kununua. Uliza kinakula nini kila siku, kinakula nini kikiwa kimesimama, na nani anakilisha. Na uwaulize watu, hata kama unaona aibu, kwa sababu karatasi haijawahi kuvuta kamba. Ukigundua umekosea, rudi mapema, kabla fedha ya watu haijahesabiwa mezani.

Sina mvi za kukubarikia. Nakubariki hivyo hivyo. Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama na miguu isiyoona uvivu kurudi ulikokosea, na kila utakapolazimika kusimama mbele za watu, sauti yako itoke.