Mikroskopu ya Chaki

Nimefundisha biolojia miaka mingi katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, na miaka hiyo yote mikroskopu niliifundisha kwa chaki. Nilichora ubaoni ile mashine ya kukuzia vitu vidogo, wanafunzi wakainakili, wakakariri majina ya sehemu zake kwa Kifaransa. Basi. Shule haikuwa nayo hata moja.

Aliyeichora vizuri kuliko wote alikuwa binti mmoja wa mtaa wa Ngezi, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani aliyehamia kwetu kutoka Butembo. Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, nilimkuta njiani kichwa kizima kimejaa poda nyeupe ya kushangilia ushindi, mama na wadogo zake wakiimba nyuma yake. Baba yake alinishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, huyu atakuwa dokta. Ni weye umefanya hivi."

Nikaipokea sifa ile bila aibu.

Akaingia chuo kikuu, upande wa udaktari. Baada ya miezi michache alikuja kwangu, mtaa wa Bigo, Jumapili, akitoka kanisani. Chai akaikataa. Akanieleza kwamba siku ya kwanza ya mazoezi ya labo, yaani maabara, asista, msaidizi wa profesa, alimpa kioo chenye ngozi ya kitunguu, akamwambia atazame. Jina la kila kipande cha mashine alilijua, lakini hakujua aanzie wapi. Alizungusha kitufe, lenzi ikashuka, kioo kikapasuka. Wenzake wakacheka. Tangu hapo alikaa nyuma, hakuuliza kitu, na mitihani ya kwanza ikamwangusha, akaacha chuo.

"Mwalimu, weye ulionaka mikroskopu kwa macho?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ukanikwama.

"Hapana, mutoto yangu. Sijaigusa hata siku moja."

Hakukasirika. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayethibitishiwa msiba aliokwisha kuusikia, akaniaga kwa heshima.

Wiki hiyo nilikwenda chuoni kumtafuta yule asista. Kijana mwenye adabu.

"Siye tunafikiri mumeshawaonyesha kule kwenu," akasema. "Muda wa kuanzia mwanzo hatuna."

"Na siye tunafikiri mutawaonyesha huku," nikajibu.

Kisha akanikalisha mbele ya mashine, akanielekeza mahali pa kuweka jicho. Nikaona vyumba vya kitunguu, yaani seli zake, vimepangana kama matofali, kona kwa kona. Miaka yote nilikuwa nikivichora vya mviringo. Machozi yakanitoka mbele ya kijana yule. Akakubali niwalete wanafunzi wangu wa mwaka wa sita Jumamosi, kabla ya mtihani wao.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi Ngezi, nimwombe binti arudi ajaribu tena. Nikamkuta baba peke yake kwenye cherehani.

"Iko Mahagi-Port, kule ziwani, kwa shangazi yake, anauzisha samaki. Alikataa kurudi chuo. Anasema hana kichwa."

"Kichwa iko nayo, baba. Kosa ni yangu."

Alikanyaga cherehani akaendelea kushona, nami nikabaki mlangoni hadi aliponiambia, bila kuinua macho, niketi.

Binti hajarudi masomoni mpaka leo. Nikimpigia simu huniuliza habari za watoto wangu wote, mmoja mmoja, na la chuo haligusi.