Hodi ya Tatu

Mama alitufundisha kupiga hodi kabla hatujajua kusoma. Unasimama pembeni ya mlango, si katikati, unaita, unasubiri. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unarudi ulikotoka bila kinyongo, mwenye nyumba ana yake. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na pupa, akizipiga zote tatu kwa pumzi moja huku mguu umeshaingia, na mama akimtoa nje aanze upya.

Nyumba yetu iko Buzebazeba. Enzi hizo ilikuwa na uzio wa michongoma ambao hata mbuzi waliudharau. Jirani yetu, mama wa Kimanyema, ndiye aliyemnyonyesha mdogo wangu mama alipolazwa miezi miwili. Alikuwa haishi kuja kwetu. Chumvi yake ilikuwa yetu na moto wetu ulikuwa wake.

Tulipokuwa wakubwa kidogo, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatoroka kwenda banda la video Katubuka. Filamu za Kimarekani, na jamaa mmoja anazitafsiri juu kwa juu kwa Kiswahili chake cha vurugu. Kila siku ni ileile: mtu yuko peke yake kwenye jumba kubwa, mlango unalia, kuna mgeni nje, na mgeni ni muuaji. Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Aliniuliza, "Dada, hawa watu hawana majirani? Si apige yowe?" Sisi kwetu yowe moja linajaza uwanja.

Akaoa binti aliyelelewa kambi ya wakimbizi. Familia ya mke ikapata nafasi ya kuhamia Marekani, naye akaondoka nao. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu anasimulia theluji. Mwaka wa pili akaanza kusimulia vifo. Taarifa ya habari inafungua kwa damu na kufunga kwa damu, na kabla hujapumua wanakuonyesha tangazo la kufuli. Simu yake inalia mtu akipita tu mbele ya nyumba. Majirani zake, ambao hajui hata sura zao, wanaandikiana humo: kuna mtu anatembea, mnamjua? Binti yake wa miaka sita kafundishwa shuleni kujificha chini ya dawati bila kupumua kwa sauti, asije akasikiwa na mwenye bunduki. Jioni, eti kwa kupumzika, wanakaa sebuleni kutazama filamu zilezile za Katubuka. Nikamuuliza kama bado anacheka. Akaniuliza kama mama anafunga mlango usiku.

Basi hofu yake ikapanda ndege ikaja kwetu. Akasema, mama anaishi na wewe tu, dada, na wewe kutwa uko sokoni Mwandiga. Watu wanajua ana mtoto Marekani. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Akatuma pesa, michongoma ikang'olewa, ukuta ukajengwa, likaja geti la chuma lenye kidirisha kidogo, na juu ya nguzo ikafungwa kamera inayotumia laini ya simu. Kwa kamera hiyo anamwona kila anayefika, na akitaka anasema naye. Mzee mmoja aliyekuja kumjulia mama hali alisikia ukuta unamwuliza, "Wewe nani, unataka nini?" Akasema bismillahi, akageuza. Hakurudi tena.

Mama alichukia. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa sisi tutaponea wapi. Mimi nilimjibu vibaya, nakiri. Nilimwambia mtoto anatupenda na wewe unaleta ubishi. Nikawa kila asubuhi nafunga geti kwa nje, ufunguo naweka kwenye mkoba, naenda Mwandiga kuuza mawese. Mama nyuma yangu kafungiwa kama kuku mwenye vifaranga. Jirani peke yake hakukata mguu. Alikuja na bakuli la uji, anapiga hodi, mama anaitikia kutoka ndani, uji unapitia kidirishani.

Siku hiyo, kama saa tatu asubuhi, nilikuwa napima mawese, simu ikalia. Mdogo wangu. Huko kwao usiku, lakini yeye simu analala nayo. Alikuwa anahema.

"Dada, kuna mwanamke kajitanda khanga, uso simwoni, kaingiza mkono getini. Kachungulia, katia mpaka kichwa. Nimemfokea, nimemwambia naita polisi. Kaondoka."

"Vizuri," nikasema. Nilisema vizuri. Mteja alikuwa ananisubiri, nikakata simu.

Picha alinitumia, sikuifungua. Niliifungua saa tisa, mawese yameisha, nafunga madumu. Nikamwona jirani yetu, khanga yake ya kijani, kashika bakuli. Mwanamke yule asingetia kichwa kwenye kidirisha cha watu kama angeitikiwa.

Nilipofungua geti, bakuli lilikuwa chini hapo nje, uji umeganda. Mama alikuwa kaanguka kwenye jua, nyuma ya pipa la maji ambapo kidirishani haonekani, nyonga imevunjika, midomo imepasuka. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Kabla sijaita mtu alinishika mkono akaniambia, pole pole, kwamba alimsikia jirani akibisha mara tatu, lakini yeye mwenyewe sauti ya kuitikia haikumtoka. Halafu akamsikia mwanawe.

"Nilidhani mwanangu amekuja," akasema. "Nikasikia anamfukuza mama yake."

Hakumaliza wiki hospitalini. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Uongo mtupu. Kwetu kilio kilikwenda kwa mwoga, na waoga tulikuwa wawili, mmoja anachungulia na mmoja ana ufunguo.

Siku ya msiba geti liliachwa wazi, nyumba ya msiba haibishwi hodi. Watu walijaa mpaka barabarani. Mdogo wangu hakuja. Alisema akitoka huko anaogopa hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake, na safari hii sikujua kama hofu ni ya kweli au ni ile ya kwenye televisheni. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Jirani alikaa mkekani, miguu kainyoosha, tangu siku ile hajasema nami neno.

Nilikuwa nimesahau kamera. Wakati wanawake wanagawa chai, nguzo ikakwaruza, na sauti ya mdogo wangu ikatoka juu yetu, imepasuka kwa kulia.

"Hodi."

Vikombe vikabaki mikononi. Watu wakamtazama jirani, jirani akanitazama mimi, maana nyumba sasa ilikuwa yangu na kuitikia ni kwangu.

"Hodi."

Nililitaka lile neno. Karibu, neno jepesi, tangu utoto nimelisema mara ngapi bila kufikiri. Nikafungua mdomo, nikaona midomo ya mama ilivyopasuka kwa jua.

"Hodi, dada."

Akasubiri. Baada ya hapo hakuita tena, kama mama alivyotufundisha.