Hirizi Juu ya Boriti

Kazini kwetu Nachingwea kila mtu alivaa hirizi shingoni. Jina hilo tulilitunga wenyewe. Wenye kampuni walikiita kitambulisho: kidude cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti, ndani kina betri na kinatoa mawimbi kama ya redio. Visanduku vyeupe vilivyopigiliwa chini ya paa viliyanasa mawimbi hayo na kuniletea habari kwenye kompyuta. Jengo lenyewe ni ghala kuukuu, la tangu enzi za mashamba ya karanga, na tulihifadhi humo mashine na vipuri vya kupelekwa machimboni Ruangwa. Kila mashine ilikuwa na hirizi yake, na kila mtu yake. Mimi ndiye niliyekaa na skrini. Niliona ramani ya jengo na nukta za kijani zikitembea, kila moja na namba yake, na nilijua nani yuko stoo, nani yuko uani, na nani kakaa chooni kuliko haja.

Chooni ndiko alikopenda kuniweka mtani wangu. Yeye Mmwera wa Mandawa, mimi Myao wa hapa hapa, na utani wa makabila yetu tuliukuta, hatukuuanzisha sisi. Nikivua hirizi yangu kidogo tu, anaichukua, anakwenda kuitundika chooni, halafu anamleta msimamizi mbele ya skrini. "Mwangalieni Myao wenu, saa ya pili hii yumo chooni. Mpelekeni hospitali kabla hajaisha." Watu walicheka, nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naitafuta siku yangu.

Niliipata Jumamosi moja. Wakati wa alasiri alivua hirizi yake, namba kumi na saba, akaitundika kwenye msumari wa pale bombani ili atawadhe. Alipokwenda kusali nikaichukua. Nilipanda ngazi katika stoo namba tatu nikaiweka juu ya boriti, pale ambapo hakuna mtu anayeinua macho kutazama. Getini hutoki bila kurudisha hirizi, kwa hiyo nilijua atahangaika. Nilitaka ahangaike dakika kumi, nimcheke, kisha nimwonyeshe.

Wenzangu wakaja kunipitia. Timu ya mtaani kwetu ilikuwa inacheza. Nikafunga chumba cha kompyuta kwa ufunguo, kama nilivyofanya kila Jumamosi, nikarudisha hirizi yangu getini na kwenda mpirani. Nilimsahau. Sina neno jingine la kulipamba. Nilimsahau kabisa, nikakaa pale uwanjani napiga makofi.

Alinipigia simu mara mbili. Kwa kelele za ngoma na filimbi sikusikia. Mlinzi alinisimulia baadaye kwamba alizunguka ghala zima, akarudi mlangoni kwangu akautikisa, akasema, "Yule Myao kanipata leo." Magharibi ilipoingia mlinzi alimwonea huruma, akamwandikisha kwenye daftari na kumwachia. Kila Jumamosi alikwenda kwa mama yake Mandawa kwa pikipiki, na siku zote aliondoka mapema kwa sababu ile barabara ya vumbi aliiogopa gizani. Mbele ya Ruangwa kulikuwa na lori la ufuta limeharibika katikati ya njia, halina taa. Alikufa pale pale.

Kwenye maziko mtani ana kazi yake. Anamwigiza marehemu, analala njiani jeneza lisipite, anawachekesha wafiwa ili wasivunjike. Mimi nilisimama nyuma ya watu nikatazama viatu vyangu. Shangazi yake akaniuliza, "Mbona mtani kimya?" Nikamwambia nina homa.

Jumatatu nikafungua chumba, nikawasha kompyuta. Namba kumi na saba ilikuwa stoo namba tatu, kijani, haitembei.

Sikuwa peke yangu. Mama anayefanya usafi alikuwa nyuma yangu na ndoo, akaiona. Hadi mchana jengo zima lilikuwa linanong'ona. Walipekua stoo, wakahamisha makreti, wakafagia pembe zote, na mimi nikipekua pamoja nao, hodari kuliko wote. Skrini ilijua kutaja chumba tu, haikujua kuonyesha boriti. Kuanzia siku ile yule mama alibisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia stoo namba tatu, na akitoka anaaga. Msimamizi aliniambia niifute ile namba. Nikasema mitambo haikubali. Ulikuwa uongo, kuifuta ni kazi ya sekunde.

Najiuliza mpaka leo kwa nini sikupanda ngazi wiki ile ile. Niliogopa kuonekana, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Asubuhi nikifungua skrini na kuikuta ile nukta, kwa muda mfupi nilijisikia kama hajaondoka bado, ananitafuta tu mle ndani, na mimi ningali na nafasi ya kumwambia, "Tazama juu." Nilimwambia kweli, kwa sauti ya chini, mara nyingi. Kisha nazisikia salamu za yule mama kule stoo, nywele zinanisimama.

Habari zilifika Mandawa. Siku chache kabla ya arobaini, mama yake alikuja. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, Kiswahili chake cha kuokoteza, amekaa tangu alfajiri njiani. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aonyeshwe. Nikamwonyesha. Aliweka kidole juu ya ile nukta akakiacha pale.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiyo namba yake, mama."

"Arobaini tunafanyaje? Watu wanakataa kuja kusoma. Wanasema mtu bado yuko kazini." Aliniangalia. "Wewe si mtani wake? Mtoe, baba. Aje nyumbani."

Alipoondoka tu nikachukua ngazi, mchana kweupe, bila kujali nani ananiona. Hakuna aliyeniona. Hirizi ilikuwa na vumbi jembamba juu yake. Niliitia mfukoni nikarudi chumbani, na kwenye skrini nikakuta kumbukumbu ya safari yangu: nukta mbili, yangu na yake, zimetoka stoo namba tatu, zikapita ukumbini bega kwa bega mpaka mlangoni kwangu. Nilikaa chini. Nililia kama sikuwahi kulia maishani.

Siku ile ile niliifuta namba yake, nikapeleka habari Mandawa kwamba katoka. Arobaini ilisomwa. Mandawa walijaa watu. Baada ya dua, wakati chakula kinapakuliwa, nilisimama katikati ya uwanja na ile hirizi shingoni. Nilikuwa nimeazimia kusema mbele ya wote, wanifanye watakavyo.

"Wamwera," nikasema, "mwenzenu nimemuua mimi. Hii nilimwibia akisali. Nikaificha juu ya boriti, nikafunga mlango, nikaenda kutazama mpira. Alinipigia simu mara mbili sikupokea. Ningepokea, angefika mapema."

Mtu mmoja akaita, "Mtani kafika!" na uwanja wote ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja akanimwagia maji ya vyombo kichwani. Mwingine akasema, "Basi na wewe tunakuzika leo leo, shimo tunalo." Nikasema, "Ni kweli, wallahi ni kweli," wakazidi kucheka, kwa sababu mtani mzuri ndivyo anavyoapa. Nikamtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Shangazi akaniambia sikioni kwamba tangu msiba hajacheka, ndiyo mara ya kwanza.

Ningemfuata mama yake pembeni nikarudia maneno yale kwa sauti ya kawaida, angeyaelewa. Sikuweza. Nilivua hirizi nikampa, akaifunga kwenye pindo la khanga, kisha nikala pilau na nguo mbichi.

Namba kumi na saba sasa ni ya binti mmoja aliyeajiriwa baada yake, kwa hirizi mpya. Jumamosi ikipita saa kumi na nukta yake bado imo ndani, sifungi chumba. Nakwenda kumtafuta stoo kwa stoo mpaka nimwone kwa macho na kumfikisha getini. Wenzangu wanasema namtaka yule binti. Wanacheka sana, na mimi nawaacha wacheke.