Nilimwita Mama Yangu Muuza Ndizi

Jamani, kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilimkana mama yangu mzazi mchana kweupe, hapa Moshi mjini, nikiwa nimevaa nguo isiyo ya kwetu. Jina msiniulize. Nikilitaja, kule Kirua Vunjo watanitambua hata kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni Mchaga. Nilipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja, kujitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tukaambiwa kila mtu abebe vazi la asili la kwao. Vazi la asili! Mchaga utabeba nini? Mama kanisani anavaa kitenge, shambani anajifunga kanga, baridi ikizidi anatupia sweta la mtumba. Niliona vitaniaibisha. Nikaenda sokoni nikanunua shuka nyekundu na shanga za Kimasai.

Siku ya kwanza kuvaa ilikuwa kwenye sherehe ya mtaa. Heh! Watu nisiowajua walinizunguka, wananishika mikono, wananiuliza habari za simba. Na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amenisalimia barabarani! Hapo ndipo nilipokutana na Helga, mama mjane aliyefiwa na binti yake wa pekee. Akaniuliza, "Wewe ni Mmasai?" Nikasema ndiyo.

Helga alinipenda kweli. Krismasi nilikula kwake. Nilipougua alinipikia supu, akaniletea kitandani. Na kila alipomuulizia mama yangu, nilimwambia anahama na ng'ombe porini, hana hata simu. Kumbe mama huyohuyo alikuwa ananipigia kila Jumapili akitoka misa! Nilikuwa nazima sauti, simu inatetemeka mfukoni, mimi nacheka na Helga. Mara kadhaa nilitaka kusema ukweli. Nikiitazama picha yangu ya shuka aliyoitundika sebuleni, nameza maneno.

Nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Wapi! Mwaka huu Helga akaandika kwamba anakuja Moshi kuniona.

Na mimi kwa kiherehere na furaha nikaropoka kwa mama kwamba yule mzungu aliyenitunza anakuja. Mama akapika pombe ya mbege, akatenga mbuzi, akawaambia majirani. Ikabidi nimdanganye na yeye: Helga anaumwa miguu, hawezi kupanda huko mlimani, atabaki hotelini mjini. Hata jina la hoteli nikamtajia. Mpango wangu ulikuwa kumpeleka Helga kwenye boma moja la Wamasai linalopokea watalii, apige picha, aondoke salama.

Asubuhi nikavaa shuka, nikamfuata hotelini. Tumekaa nje tunakunywa kahawa, namsimulia jinsi familia yetu ilivyohamia mbali kutafuta malisho. Mara nikaona mtu anaingia getini na mkungu wa ndizi kichwani. Mama! Amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Nikasema kama yeye hawezi kupanda, si nishuke mimi," akasema huku anahema. "Hizi ni ndizi mshare, za supu ya mtori. Mgonjwa akinywa mtori atapata nguvu." Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe mwanangu, umevaa nini?"

Helga akaniuliza huyu ni nani. Ndugu zangu! Nikamjibu kwa Kijerumani, "Ni mama mmoja anauza ndizi."

Mama akamshika Helga mikono yote miwili. "Mwambie wewe ni binti yangu. Mwambie nimekuja kumshukuru, alikulea kama wa kwake."

"Anasemaje?" Helga akauliza.

"Anasema ndizi zake ni tamu."

Helga akatabasamu, akafungua pochi, akampa mama noti. Mama hajui Kijerumani, lakini mteja akimwona anamjua. Aliitazama ile noti, akanitazama mimi. Akamrudishia Helga noti yake, akauacha mkungu mezani, akatoka. Na mimi nikabaki nimekaa! Ningemkimbilia, Helga angejua kila kitu.

Helga akarudi kwao bila kujua lolote. Mama tangu hapo hapokei simu yangu. Juzi nilichuma jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu kumwomba msamaha hawezi kulikataa. Nikapanda nalo Kirua, nikapiga magoti mlangoni, "Shikamoo mama." Marahaba hakunipa. Jani akalipokea, maana mila ni mila. Kisha akaenda uzioni, akachuma jingine, akaniwekea mkononi.

"Langu nimelipokea," akasema. "Hili mpelekee yule mama mwenzangu uliyemdanganya. Ukishamaliza, ndipo urudi uniite mama."

Ninalo mpaka sasa. Na Helga kila asubuhi ananiandikia "binti yangu, umeamkaje?" Anataka kurudi mwakani, safari hii akutane na mama yangu wa porini. Nikimwambia ukweli, atakuwa kama amefiwa na binti kwa mara ya pili. Nikinyamaza, kwetu sina pa kuingia. Nimekwama, jamani, na kamba nilijifunga mwenyewe!

Wewe unayefunga begi kwenda kwa watu, vaa utakacho. Upendwe na wageni, uwapende, hakuna ubaya. Ila wakikuuliza mama yako ni nani, mtaje siku hiyohiyo! Usijidanganye kwamba utasahihisha baadaye. Nimeweza kuwaandikia haya yote ninyi nisiowajua, na Helga bado sijamwandikia hata mstari mmoja.