Noti Iliyotoka Bama

Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, karani wa posta Kisarawe alikusanya noti za nchi za nje, akizibandika kwenye daftari kwa mapenzi tu. Siku moja nikiwa kwenye foleni, mama mmoja kutoka kijiji cha Marui alifungua pindo la khanga, akampa noti. Karani macho yakamtoka.

"Mama, hii ya Bama, kule Asia walikopigana vijana wetu! Sina kama hii. Nikupe shilingi kumi?"

"Siuzi, baba. Mwanangu aliitia kwenye barua akiwa vitani, kisha barua zikakoma. Nisomee tu imeandikwa nini."

Karani akakisoma Kiingereza chake polepole, neno kwa neno, akimfasiria. Mama akaomba arudie. Akarudia, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

Foleni ilisimama muda mrefu na hakuna aliyenung'unika. Posta sijaliona tena jambo hilo.