Mtungi wa Kuchomelea Mageti

Kabla sijajua baridi ya mashine, nilijua ile ya majani ya mgomba. Nilikuwa nafunga miraa kule Laare, na mama aliyetusimamia alikuwa ananirushia kibunda usoni kikilegea. "Ukiacha hewa iingie itakauka kabla ifike Nairobi!" Basi tunafunika na majani ya mgomba, tunanyunyiza maji, tunakimbia. Nikaanza kujiuliza, hawa watu wa Timau wanafanya aje, maua yao yanafika ng'ambo yakiwa mabichi? Shule niliacha darasa la tano, lakini swali likinishika halinitoki. Hilo ndilo lilinitoa Laare.

Niliandikwa kusaidia mafundi wa mashine za baridi kwa shamba la maua. Timau kwenyewe ni baridi, halafu siku ya kwanza unaingizwa kwa chumba cha baridi zaidi. Nilidhani ni adhabu. Fomeni wetu alikuwa mtu mfupi mwenye nyusi upande mmoja tu. Akaniita vile Wameru huitana, "Baite, hapa hatutengenezi baridi. Tunatoa joto ndani, tunalitupa nje. Ukishika hiyo, umeshika kazi."

Alinifundisha kwamba kompresa ni pampu ya kusukuma gesi, na ndani yake kuna mafuta. Gesi ikiisha ujue kuna mahali inavuja, na usijaze nyingine kabla hujapaona. Unasukuma naitrojeni kwa mabomba, kwa sababu hiyo haishiki moto, halafu unapaka povu la sabuni kwa viungo. Povu likifura, hapo ndipo.

"Na oksijeni je?" nikauliza.

Akagusa pale nyusi ilifaa kuwa. "Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa ni bomu. Mimi nilikuwa nusu nyuma ya ukuta. Mwenzangu hakuwa." Akarudi kwa kazi yake, na siku hiyo hakutania mtu tena.

Baada ya miaka mingi magoti yangu yalikataa Timau, nikashuka Embu. Huko nikaandikwa na bwana mmoja wa karakana, tukimwita Bosi. Upande mmoja vijana walichomelea mageti, upande mwingine ni mimi na friji. Bosi hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Nilipofiwa na mke alifunga karakana akaja kuchimba kaburi kwa mikono yake. Lakini alikuwa na haraka, na haraka ya mtu mzuri ni ngumu kukataa.

Januari moja tukaitwa Kiritiri, kule chini kwa joto. Mama mmoja mwalimu alikuwa anamuuguza mama yake mzee, shosho tukimwita, na daktari alikuwa amesema asikae kwa joto, moyo hautaweza. AC, ile mashine ya kupoza hewa ya nyumba, ilikuwa imelala tangu mwaka uliopita. Nikaanza vile inafaa. Nikaosha filta, nikapiga brashi mapezi, yale mabati membamba ya mashine ya nje, nikatoa nyumba ya nyigu kwa bomba la kutoa maji. Watu wengi huishia hapo. Nikawasha. Ikapuliza hewa ya moto. Geji, kile kipimo cha presha, ikaonyesha gesi karibu imeisha, na kwa kiungo kimoja kulikuwa na alama ya mafuta, labda inavujia hapo.

Nikampigia Bosi alete naitrojeni. Akafika na pikapu, na kwa nyuma nikaona ule mtungi wa kuchomelea mageti.

"Bosi, hiyo ni oksijeni."

"Naitrojeni ni mpaka Nairobi, kesho kutwa. Hewa ni hewa, mzee. Ni dakika mbili tu ya kupima."

"Hiyo inalipuka."

"Umeiona ikilipuka?"

Hapo alinishika. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona nyusi tu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chenye maji. Ndani shosho alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na kitanda chake kiligusa ukuta ambao mashine imefungwa nje yake. "Fundi," mwalimu akasema, "mama hawezi kungoja kesho kutwa. Kama huyu mkubwa wako anasema inawezekana, kwa nini unabishana?"

Ninyi vijana mnaofanya hii kazi, mimi sasa nimestaafu nawaambia bila aibu: nilitaka kukubali. Mkono wangu ulikuwa tayari kwa valvu. Mtu akihema karibu nawe, kungoja kunakuwa kama dhambi.

Bosi akaanza kufunga mpira wa mtungi kwa geji yangu. Akaingiza ule ufunguo wa chuma wa kufungulia mtungi. Nikamshika mkono.

"Toa mkono, mzee."

"Mwalimu," nikaita, "hiki kitu kikipasuka kinapasukia kwa kichwa cha mama yako. Sogeza kitanda upande ule mwingine wa nyumba, kwa kivuli. Loweka shuka uzitundike dirishani, uloweke tena zikikauka. Usiku mlaze barazani. Hizo siku mbili zitapita hivyo."

"Anakutisha tu," Bosi akasema, lakini hakunitazama. "Sikiza, wewe. Ukitoka kwa hilo geti usirudi kwangu. Na ujue nilikuzikia mke."

"Najua."

Nikachomoa ufunguo. Bosi alinyoosha mkono, mimi nikampa mwalimu. Alikuwa mama mnene, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauangalia, akamwangalia Bosi, akaangalia ule ukuta.

"Mama, lete hiyo kitu," Bosi akasema taratibu.

Mwalimu akaufunga kwa pindo la leso yake, mafundo mawili. "Kwanza tusogeze kitanda," akasema.

Nikashika miguu ya kitanda, yeye akashika kichwani, tukamhamisha shosho kama tunabeba mayai. Halafu nikatoka nje. Geji zangu zilikuwa bado zimening'inia pale kwa mashine, geji nilizotoka nazo Timau. Bosi alikuwa ameketi juu ya mtungi, amenipa mgongo. Nikaziacha, nikapita nyuma yake, nikafungua geti, nikaenda, na sikurudi tena kwa karakana yake.