Ukurasa Wangu wa Ming'oko

Habari hii inanionyesha mjinga, nakubali mapema ili usihangaike kunitetea. Mashahidi wapo Matambarale mpaka leo. Kila nikirudi nyumbani lazima atokee mmoja aniulize, "Vipi, kidole kimepona?" Wala sikuumia kidole. Utaelewa.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini inaelekea mwisho. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mama mmoja aliyeletwa na serikali kutoka Kilimanjaro. Kufundisha alijua, ila pori letu lilimshinda. Siku moja alituonyesha dirishani mmea uliokuwa unatambaa kwenye ukuta wa choo cha shule, akauliza unaitwaje. Darasa zima tukajibu kwa Kimwera, kwa kelele, kila mtu na jina lake. Akachukua kitabu cha sayansi, akakipekua mwanzo mpaka mwisho. Haumo. Akakifunga.

"Basi tutaandika chetu," akasema.

Tukadhani anatania. Wiki hiyohiyo tukajikuta tunakung'uta mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa darasa jipya, tunaikata kurasa, tunashona kwa sindano ya gunia na uzi wa katani. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Rangi zilikuwa mkaa, udongo mwekundu, manjano ya jikoni, majani ya kunde yaliyotwangwa, na bluu ya kufulia kwa yule ambaye mama yake hakagui vitu vyake. Kila mtoto na kitabu chake: mimea kumi, wanyama watano, picha yake, na kitu chenyewe kimebandikwa pembeni, jani au ganda au unyoya.

Kitabu cha jirani yangu wa dawati kililiwa na panya kwa sababu ya ule uji. Na walianzia ukurasa wa panya. Mwalimu akampa maksi zote za ukurasa huo, akasema ushahidi kama huo hata yeye hajawahi kuuona.

Mimi nilijiona fundi. Kanga wangu alikuwa na unyoya halisi. Ndezi wangu, yule panya mkubwa wa porini, ndo alitoka vibaya kidogo, akafanana na mjomba, mpaka mjomba mwenyewe akaniuliza kwa nini nimemchora bila kofia.

Sasa kulikuwa na sheria. Kila mmea uwe na shahidi. Yaani mtu mzima anayeujua akupeleke porini, akuonyeshe, uushike kwa mkono wako, halafu yeye aweke dole gumba kwenye ukurasa. Pedi ya wino wa muhuri ikawa inazunguka kijijini kama mgeni wa serikali. Wazee waliipenda mno. Babu mmoja jirani yetu aliweka dole kwenye vitabu saba, kisha akauliza kama hakuna kingine.

Na zawadi ilikuwepo. Mwenye kitabu bora atapanda lori pamoja na mwalimu mpaka Nachingwea, kwenye shule moja iliyokuwa na maonyesho. Nachingwea! Mimi mwisho wangu ulikuwa Ruangwa mjini, tena nilipelekwa kung'olewa jino. Binamu yangu alishafika Nachingwea, akarudi akatutesa kwa hadithi mwezi mzima: barafu za rangi, taa, uwanja wa ndege.

"Ndege zinatua?" nikamuuliza.

"Hazitui. Ila uwanja upo."

Ilinitosha. Niliitaka safari ile mpaka nikaanza kuaga watu kabla ya mashindano.

Mimea tisa niliifanya kihalali. Wa kumi nikachagua ming'oko, maana bibi yangu kwa kuchimba ming'oko hakuwa na mpinzani. Kama hujaishi kwetu, nikuambie: ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, unachemsha na chumvi, unamenya kwa kucha, unakula mpaka unasahau umetumwa dukani. Tunaichimba kiangazi. Kiangazi majani yameshapukutika yote, imebaki kamba kavu tu kwenye vichaka. Sisi watoto tunaijua hiyo kamba. Jani lake hakuna aliyewahi kulitazama. Na sisi tulikuwa tunaandika vitabu mvua hazijaisha, pori lote kijani.

Bibi akaniambia, "Jumamosi asubuhi twende, mume wangu." Aliniita mume kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao. "Saa hizi mng'oko una sura nyingine."

"Bibi, mimi na ming'oko tunajuana. Nimeila tangu sina meno."

"Umeila, ndiyo. Hujauona ukiwa hai."

Jumamosi ilikuwa na mpira. Nikaenda mpirani.

Jumapili jioni nikakumbuka ukurasa haujajaa. Nyuma ya goli palikuwa na mmea unatambaa, umenona, majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, yamepangika vizuri kama yameshonwa na fundi cherehani. Nikaona huu huu. Nikachuma, nikabandika, nikachora kamba yake na vimiba vyake, na chini nikachora viazi vyembamba vinavyopendeza. Nikaandika kwa herufi kubwa: MING'OKO.

Ikabaki dole gumba la shahidi. Bibi nisingeweza kumwendea, angeuliza pori gani nimekwenda na nani. Nikajaribu dole langu kwenye karatasi ya pembeni. Likatoka dogo, la kitoto. Nikawaza. Nikatazama chini. Dole gumba langu la mguu, kwa kupiga mpira bila viatu tangu naanza kutembea, lilikuwa nene, gumu, limepasuka pasuka kama la mtu aliyelima miaka hamsini. Nikalichovya kwenye wino. Nikakanyaga ukurasa. Ukilitazama unaona kabisa huyu ni mtu mzima, tena mwenye busara zake.

Jumatatu mwalimu akatangaza vitabu vitatu vimebaki, na changu kimo. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kabla.

"Kitabu kizuri si kinachopendeza. Ni kile ambacho mgeni akikishika anafika."

Mgeni mwenyewe alikuwa bwana shamba wetu, mtu wa Bukoba, ana miezi miwili tu Matambarale. Akapewa ukurasa mmoja wa kila kitabu, aende porini kwa kufuata picha peke yake. Cha kwanza hakikumfikisha popote, alirudi na ukoka. Cha pili kilikuwa cha msichana mmoja mkimya wa dawati la mbele, ukurasa wa mtonga, mti wenye matunda magumu kama mawe. Akarudi na matonga mawili na nundu kichwani. Chini ya picha yule msichana alikuwa ameandika, "Usisimame chini yake." Bwana shamba hakusoma mpaka chini.

Cha tatu changu. Akachukua jembe, akaondoka. Haikufika hata saa moja, huyo anarudi, kiroba begani, anatoa meno yote.

"Kijana! Kitabu chako ni ramani! Nimeenda moja kwa moja, majani matatu, miba, kila kitu! Viazi tu ndo umevichora vidogo!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kuonja barafu. Mwalimu akasema mchana huu huu ipikwe, hajawahi kuonja ming'oko tangu aletwe huku. Bwana shamba akamwaga kiroba mbele ya darasa. Yakabingirika madude makubwa kama vichwa vya watu, yana nywele.

Makofi yakakatika.

"Ndiga!" darasa zima likapiga kelele. "Mwalimu, ndiga hizo!"

Ndiga nazo zinaliwa, lakini unazikata vipande, unaziloweka mtoni siku tatu. Ukizila bila hivyo, unamtazama mtu mmoja unawaona wawili, na wote wawili wanacheza ngoma. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Bwana shamba akafuta mikono kwenye suruali.

"Nani shahidi wa ukurasa huu?" mwalimu akauliza.

Hapa ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo sipendi kulisimulia. Nachingwea bado nilikuwa naiona, iko karibu. Nikasema, "Bibi, mwalimu. Ndo alinionyesha yeye. Unajua amezeeka. Macho."

Bibi akaitwa. Alikuja na unga bado mikononi. Alipoziona zile ndiga, na akaambiwa yeye ndiye kasema ni ming'oko, alimgeukia mwalimu.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimwonyeshe mtoto ndiga? Leteni huo wino."

Akaweka dole lake pembeni ya lile langu. Lake likatoka dogo, lina kovu limekatiza katikati, alijikata na kisu zamani. La kwangu pembeni yake lilikuwa kama baba yake.

"Labda siku ile bibi ulikuwa umevimba," bwana shamba akasema. Alikuwa anajaribu kusaidia.

Bibi akatazama lile dole. Akatazama mikono yangu. Kisha taratibu akashusha macho mpaka chini. Siku hiyo shule nzima mimi peke yangu ndo nilikuwa nimevaa viatu. Vilikuwa vya mjomba, namba nane.

"Mume wangu," akasema, "tangu lini unavaa viatu?"

"Baridi, bibi."

"Vua."

Nikavua. Dole gumba lilikuwa la bluu mpaka ndani ya ukucha.

Sitaki kueleza kicheko kile. Mwalimu mwenyewe alitoka nje, tukamsikia huko ukutani anakohoa.

Yule msichana wa matonga ndo alikwenda. Mimi nilipewa zile ndiga niziloweke, maana bibi alisema chakula hakitupwi kwa sababu ya mjinga mmoja. Siku ya safari nilikuwa mtoni nazilinda nguruwe wasizifikie. Nikasikia lori linapita barabarani na wenzangu wanalisindikiza kwa kelele. Sikuinuka.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mpira. Nikaenda porini na bibi. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye kamba moja nyembamba, ya kawaida kabisa, nilishaipita mara elfu. Jani moja moja, umbo la moyo, na manyoya laini ambayo huyaoni mpaka uguse. Nikachuma, nikabandika juu ya lile la ndiga. Bibi akaweka dole lake lenye kovu, akalipuliza likauke. Halafu akaitazama miguu yangu.

"Watu wote wanafika Nachingwea kwa miguu yao," akasema. "Wewe tu, mume wangu, mguu wako ndo umekuzuia."